Mara ya kwanza Guangzhou: jinsi ya kuvuka masaa 24 ya mwanzo (mimi nililia, wewe sio lazima)

Kariakoo mtu akitaka kwenda China mara ya kwanza atakuuliza tiketi bei gani, viza bei gani, mabegi yanapatikana mtaa gani. Hakuna anayeuliza "nikishuka kwenye ndege nafanyaje?" na kiukweli hapo ndipo watu wanapoumia. Hata mimi sikuuliza. Mwezi wa tatu 2024 nikatua Guangzhou usiku, dola nimezishonea kwenye sketi ya ndani, simu ina asilimia 11, anuani ya hoteli nimeiandika kwa herufi zetu hizi hizi kwenye karatasi ya daftari la mwanangu, na ndani ya lisaa limoja nilikuwa nimekaa juu ya begi nje ya uwanja nalia kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Mwanamke mzima, nina fremu mbili za mabegi ya kina mama, nimezoea kugombana na madalali, nalia.

Tangu siku hiyo nimerudi mara nne na mji ule naupenda sana, yaani nikikaa miezi sita bila kwenda naumwa. Kwa hiyo naandika hapa vile ambavyo ningependa kuambiwa mimi kabla sijaondoka, sio masoko, masoko utayajua tu, hapa naongelea kufika.

Viza nitaipita haraka. Watu wanachanganya vitu viwili: tarehe ya mwisho ya kuingia, na siku unazoruhusiwa kukaa kila ukiingia. Unaweza kuwa na viza ya miezi mitatu lakini siku za kukaa zimeandikwa 30, zikipita tayari wewe ni mkosaji hata kama tarehe ya viza bado. Na angalia umepewa kuingia mara ngapi, maana kuna wenzetu wanasikia Hong Kong iko jirani wanaenda kushangaa maghorofa, wakitaka kurudi wanaambiwa ulishatoka China, viza yako ilikuwa ya mara moja. Hong Kong kwa mambo ya mpaka inahesabika umetoka. Basi, hilo tumalize.

Sasa simu. Hapa nitakaa kidogo maana matatizo yangu yote ya usiku ule yalianzia kwenye simu.

Kwanza uelewe kwamba WhatsApp, Google, Facebook, Instagram, YouTube, zote hazifunguki kwa intaneti ya kule. Sio mtandao mbovu, zimefungwa. Mimi nilikuwa nimejipanga vizuri kabisa kichwani, nikifika nitaunganisha waifai ya uwanja, nitampigia ajenti WhatsApp, atakuja kunichukua. Waifai ikakubali, WhatsApp ikazunguka, ikazunguka, ikazunguka. Nikazima nikawasha, asilimia 11 ikawa 7. Nikafungua ramani ya Google, nayo inazunguka. Hapo ndipo tumbo lilipoanza kunikata.

Dawa yake ni romingi. Ukitumia laini yako ya nyumbani kwa romingi intaneti yako inapitia nyumbani kwenye mtandao wako, kwa hiyo WhatsApp inafanya kazi kama upo Buguruni. Bando lake linauma, sikatai, lakini nunua hata la siku mbili tatu za mwanzo, linunue ukiwa bado Dar, na uwapigie watu wa mtandao wako wakuhakikishie limewashwa kwa China. Wengine wanaweka VPN, ile programu ya kufungulia vilivyofungwa, kabla ya kuondoka, ila kuna siku inagoma tu yenyewe na sheria ya kule kuhusu hizo VPN ina ukakasi, mimi nakaa na romingi yangu nalala usingizi.

Pili, fungua WeChat, hiyo ndiyo WhatsApp ya Wachina, wiki mbili tatu kabla. Usingoje kufika. Akaunti mpya mara nyingi inataka mtu mwenye akaunti ya zamani akuthibitishe kwa kuskani QR kodi, ile picha ya vimraba, na simu yake, sasa uwanja wa ndege usiku utampata nani? Kariakoo kila mfanyabiashara wa mzigo wa China anayo, mwombe mmoja akuskanie, mnunulie soda. Halafu mwongeze ajenti wako humo humo, mwambie WhatsApp asahau mpaka urudi. WeChat ina kitu kizuri, mtu akikuandikia Kichina unabonyeza ujumbe kwa muda inakutafsiria.

Tatu, Alipay, programu yao ya kulipia kwa simu. Kule hela za noti watu wameshazisahau, hata mama anayeuza viazi vitamu vya kuchoma kandokando ya barabara ana kikaratasi cha QR kodi ya kuskani kinaning'inia kwenye mkokoteni. Alipay inakubali kadi za Visa na Mastercard za benki zetu, unapiga picha pasipoti, unaunganisha kadi, yanaisha. Ukilipa kitu chini ya yuani (hela ya kule) 200 hawakukati, ikizidi hapo wanakata asilimia 3, kwa hiyo sio ya kulipia mzigo, ni ya chai, teksi na metro, treni ya mjini. Lakini fanya ukiwa nyumbani, kwa sababu benki itatuma namba ya kuthibitisha kwenye laini yako, na nenda tawini uwaambie unasafiri wafungue kadi kwa matumizi ya nje na mtandaoni. Mimi benki yangu (jina silitaji) ilifunga kadi mara tu ilipoona nimegusa China, wakadhani nimeibiwa. Nashukuru kwa ulinzi lakini nilikuwa na njaa.

Nne, pawabenki, na ikae kwenye begi la mkononi maana kwenye begi la kupakia chini hairuhusiwi. Kama una mpango wa kupanda ndege za ndani, mfano kwenda mji wa masoko wa Yiwu, angalia pawabenki yako iwe na alama ya 3C, ile ya usalama ya China, tangu mwezi wa sita 2025 zisizo na hiyo alama wanazichukua kwenye ndege za ndani. Na adapta! Plagi zetu hizi za miguu mitatu minene haziingii kule kabisa, wao wanatumia zile za bapa. Mimi nilibeba chaja mbili na zote hazikuingia popote, nilikuwa naziangalia tu.

Tano na hii ndio kubwa kuliko zote: anuani ya hoteli kwa herufi za Kichina. Sio "Guangzhou, Yuexiu District, sijui Road", hapana. Dereva wa teksi pale hasomi herufi zetu kama wewe usivyosoma zake. Mwambie ajenti au hoteli wakutumie jina na anuani kwa Kichina pamoja na namba ya simu ya resepsheni, piga skrinshoti, halafu iprinti kwenye karatasi maandishi makubwa. Karatasi haiishi chaji. Ukishafika hotelini chukua ile kadi yao ndogo ya kaunta uiweke kwenye pochi, hata ukipotea vipi unaonyesha kadi unarudishwa kitandani kwako.

Haya, umetua. Uwanja unaitwa Baiyun na ni mkubwa, utatembea mpaka ukumbuke viatu ulivyoacha nyumbani. Kabla ya uhamiaji kuna mashine za kuweka alama za vidole, weka zote, usiogope. Kuna fomu ya kuingilia, inataka namba ya ndege na sehemu utakayofikia, kwa hiyo ile karatasi ya anuani inaanza kazi hapo hapo. Ofisa anaweza kukuuliza umekuja kufanya nini, unakaa siku ngapi, hoteli gani, nani amekualika. Jibu kifupi. Sisi tukiogopa tunaongea sana, tunaanza kueleza na habari za shemeji, usifanye hivyo. Mpe barua ya mwaliko, tiketi ya kurudi na hoteli, kaa kimya. Wengine wanachukuliwa pembeni wakaulizwe zaidi, mimi nilikaa dakika arobaini kwenye kiti cha pembeni na Wanigeria wawili na mama mmoja wa Uganda, tukarudishiwa pasipoti tukaenda. Haimaanishi umekosa.

Dola zako: zikizidi 5,000 taslimu unatakiwa kuzitamka forodha. Tamka. Najua mnasikia "mimi nilipita nazo elfu ishirini hakuna aliyeniuliza", sawa, huyo ni yeye.

Ukitoka nje utakutana na wanaume wanasema "taxi taxi, my friend". Hao waache. Nenda kwenye foleni yenye kibao, teksi rasmi ina mita na ina risiti. Au kama Alipay yako imeshakaa sawa, ndani yake kuna Didi, unaita gari kama Bolti ya kwetu tu, unaandika unakoenda na dereva haongei na wewe kitu. Mimi usiku ule nilikuwa na hiyo karatasi yangu ya daftari, madereva watatu wakaiangalia, wakaigeuza, wakanirudishia. Wa nne hata hakuipokea. Ndio nikakaa juu ya begi.

Aliyenitoa pale ni kaka mmoja Mkongo, wa Bukavu. Akasimama akaniuliza, "Mama, uko unalia juu ya nini?" Sijawahi kusikia Kiswahili kitamu kama kile maishani mwangu, na nyie mnajua Wabongo tunavyokicheka Kiswahili cha wenzetu, sitakicheka tena. Akatoa simu yake, akaitafuta hoteli kwa Kichina, akampigia simu resepsheni, akampa dereva aongee nao, akapiga picha namba ya gari, akaniambia "Ukifika unitumie ujumbe". Nikamwambia sina WeChat. Akacheka kweli kweli. "Mama, ulikuja China bila WeChat? Ulikuja kwa mguu?"

Kama umefika mchana na begi ni moja, metro ni rahisi na bei ya bure. Laini namba 3 inaanzia uwanjani, unashuka Jiahewanggang, unabadilisha kwenda laini 2, hiyo inakupitisha Sanyuanli mpaka stesheni ya treni ya Guangzhou, pale unachukua laini 5 kituo kimoja tu uko Xiaobei. Vituo vimeandikwa na herufi zetu na sauti inatangaza Kiingereza. Kila kituo begi linapita kwenye mashine, kwa hiyo usibebe kisu cha kukatia matunda. Ila usithubutu laini 3 saa za watu kwenda kazini na mabegi mawili. Mnajua mwendokasi wa Kimara saa kumi na mbili asubuhi? Basi ni hivyo, ila watu wamenyamaza.

Xiaobei ndiko wengi wetu tunafikia, na kwa mgeni nakushauri ufikie huko hata kama hoteli sio nzuri sana. Ni mtaa wenye Waafrika wa kila aina, Wamali, Waguinea, Wanigeria, Wakongo, Waarabu, na Wachina Waislamu wa kaskazini magharibi wanaouza mikate mikubwa ya duara ya kuoka kwenye tanuri. Ukisimama pale jioni utasikia Kiswahili ndani ya dakika kumi. Baadaye ukishazoea utahamia kwenye mahoteli mazuri.

Lakini kabla hujalipia hoteli mtandaoni, waulize: mnapokea wageni wa nje? Mimi baada ya kaka Mkongo kunipandisha teksi nikafika hotelini saa saba usiku nikidhani mateso yameisha. Dada wa resepsheni akaangalia pasipoti, akaangalia kompyuta, akaandika kwenye simu ikatafsiri: samahani, hatupokei wageni. Baadaye mwaka ule ule serikali yao iliagiza hoteli zisikatae watu wa nje, lakini bado uliza, hoteli ndogo nyingine hazijui tu namna ya kumwandikisha mtu mwenye pasipoti ya nje. Yule dada hakunifukuza lakini, alivaa koti lake akanisindikiza kwa mguu mpaka hoteli ya mtaa wa pili, akabeba na begi langu moja, akanisemea mpaka nikapewa chumba. Saa saba usiku. Hatukuelewana hata neno moja zaidi ya "xiexie", asante.

Kuhusu kuandikishwa: sheria yao ni kwamba ndani ya masaa 24 polisi wajue unalala wapi. Hotelini wanakufanyia wenyewe wakishachukua pasipoti pale kaunta. Lakini ukilala kwa ndugu au kwenye nyumba ya kupanga, lazima uende kituo cha polisi cha mtaa huo na mwenyeji wako. Wengi wetu tunaona ni usumbufu, "si nalala kwa binamu yangu tu", halafu polisi wakipita Xiaobei kukagua, na wanapita, unajikuta unalipa faini au zaidi. Pasipoti tembea nayo, yenyewe kabisa, kopi haitoshi.

Asubuhi yake. Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri: siku ya kwanza usinunue mzigo. Najua una siku kumi tu na kila siku ni hela. Usinunue. Kule wako mbele yetu masaa matano, kwao saa mbili asubuhi kwako mwilini ni saa tisa usiku, kichwa hakijui kuhesabu. Siku ya kwanza badilisha hela, tafuta chakula, panda metro vituo viwili na kurudi, tembea mpaka ujue hoteli iko upande gani wa daraja. Na ukipanga miadi na Mchina usimwandikie saa za Kiswahili, kuna mwenzangu aliandika "3" akimaanisha saa tatu asubuhi, jamaa akaja saa tisa alasiri, wakalaumiana siku nzima.

Hela badilisha benki, beba pasipoti na subira, foleni yake inaweza kula asubuhi nzima. Kuna watu wanabadilisha barabarani Xiaobei, wanakuita "pengyou, pengyou", rafiki, rafiki. Sio halali na noti bandia zipo. Noti kubwa kabisa ya kule ni ya 100, nyekundu, kwa hiyo mtu akikupa noti ya 200 au 500 mrudishie haraka ukimbie. Yuani moja ni kama shilingi mia tatu na hamsini na kitu, inapanda na kushuka, mimi nahesabu 400 kichwani ili nisijidanganye.

Chakula: tafuta duka la tambi za Lanzhou. Yapo kila kona, mengi yana kibao cha kijani au bluu na maandishi 清真, hayo maandishi yakariri kama sura ya mwanao maana yake ni halali. Jamaa anakuvutia tambi kwa mkono pale pale mbele yako, anazipiga mezani, anazitupa kwenye supu ya ng'ombe, bakuli kubwa. Ukutani kuna picha, unanyoosha kidole. Asubuhi ile nilikuwa sijala tangu Addis Ababa, nikaingia kwenye kile kiduka, nikanyoosha kidole kwenye picha, nikaletewa bakuli linafuka moshi, na yule mzee wa pale akaniona naweka pilipili vijiko vitatu akamwita mkewe jikoni aje aone. Wakasimama wananiangalia nakula. Nikacheka, wakacheka. Ni kitu kidogo lakini nilipotoka pale mtaa ulikuwa sio ule wa jana usiku, nikaanza kuona maua kwenye madaraja ya juu, vibibi vinacheza muziki kwenye uwanja, watoto wananipungia mkono. Kila safari naanzia kwa yule mzee na sahani ya pilipili inaletwa kabla sijakaa.

Maji wanakunywa ya moto, hata kiangazi, ukitaka ya baridi sema. Vyoo vingi vya nje ni vya kuchuchumaa, hilo kwetu sio geni, ila karatasi hamna na maji ya kujisafishia hamna, kwa hiyo beba tishu na kichupa. Kwa Waislamu, msikiti wa Xianxian uko karibu na bustani ya Yuexiu, wanasema ndipo alipozikwa Saad bin Abi Waqqas, swahaba wa Mtume, na Ijumaa pale pananoga, watu wa dunia nzima, nje kuna wauza nyama ya kuchoma. Uko pia msikiti wa Huaisheng, mmoja wa misikiti mikongwe kabisa China. Wakristo kuna kanisa kuu la mawe la Wakatoliki la Shishi, sio mbali na mto. Nawaambia hivi kwa sababu ukienda kuswali au kusali siku za mwanzo unapata watu, na ukipata watu umepata mji.

Kichina chako cha kuanzia kiwe hiki: "duoshao qian", bei gani. "Tai gui le", ghali sana. "Bu yao", sitaki. "Laoban", bosi, ndio unavyomwita mwenye duka. Na utawasikia wakiongea wanasema "neige, neige" kila baada ya maneno mawili, usimkunje mtu shati ukidhani anakutukana, ni kama sisi tunavyosema "yaani, ile nanii".

Na vidole! Hii hakuna aliyeniambia. Wachina wana namna yao ya kuhesabu kwa mkono mmoja. Sita ni kidole gumba na kidole cha mwisho kama unapiga simu. Nane ni kidole gumba na cha shahada, mkono umekaa kama bastola. Sasa siku ya pili niko kwenye maduka ya mabegi kule Guihuagang, Sanyuanli, nimeona pochi nzuri ya kina dada, nikamuuliza laoban bei, akanionyesha vidole viwili hivyo. Nikasema mbili? Yuani ishirini? Moyo ukaruka, nikachukua katoni mbili, nimejisifu njia nzima ya kwenda kaunta. Kufika anapiga kikokotoo: 80 kila moja. Nikabisha, nikamwonyesha vidole vyangu viwili, cha shahada na cha kati, akasema hapana, akarudia bastola yake. Maduka matatu ya jirani yakatoka kuangalia. Mwisho akaja binti mmoja anayejua Kiingereza akatueleza wote wawili, tukabaki tunashika matumbo, laoban akanipunguzia mpaka 62 kwa sababu ya kicheko tu, na huyo ndiye ninayenunua kwake mpaka leo. Somo ni kikokotoo: bei isomeke kwenye skrini ya kikokotoo, piga picha, pamoja na begi lenyewe na kadi ya duka. Jioni hutakumbuka duka lipi lilikuwa lipi, yanafanana kama njugu.

Masoko yenyewe nitayataja tu ili usizunguke: nguo Baima na yale ya karibu na stesheni ya treni, vitambaa Zhongda, saa na viatu Zhanxi, samani na vigae unavuka kwenda Foshan na metro inafika, vifaa vya simu panda treni ya kasi kwenda Shenzhen, Huaqiangbei. Maonyesho makubwa ya biashara ya Canton (jina la zamani la Guangzhou), yale yaliyoanza 1957, ni mwezi wa nne na wa kumi, Pazhou, mazuri sana lakini kwa safari ya kwanza mimi naona yatakuchanganya na hoteli zinapanda bei. Na usiende mwaka mpya wa Kichina, Januari au Februari, wala wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi. Kuna dada alitua kipindi hicho, maduka yamefungwa mji mzima, akakaa siku tisa anakula tambi.

Mzigo usibebe hotelini. Mwambie laoban apeleke ghala la kago wako, yaani wanaokusafirishia mzigo, andika maki yako, alama ya kutambua mzigo wako, kila katoni, na wewe nenda ghalani ukafungue katoni mwenyewe kabla hujamaliza kulipa iliyobaki. Bidhaa zenye majina makubwa ya kuigiza wakikuvuta chumba cha nyuma kukuonyesha, "bu yao", ondoka, ikikamatwa forodha umepoteza yote.

Ukikwama kabisa polisi ni 110, gari la wagonjwa ni 120, na Tanzania ina ubalozi mdogo pale pale Guangzhou, namba yao iandike kwenye karatasi ile ile ya anuani ya hoteli. Usiiweke kwenye simu peke yake, tumeshaongea habari za asilimia 11.

Ah na nguo, nilikuwa nasahau. Mwezi wa tano mpaka wa tisa ni joto na mvua kama Dar tu, beba mwamvuli. Lakini Desemba na Januari kuna baridi, na vyumba vingi vya bei zetu havina kipasha joto, unalala na koti. Mwezi wa tatu nilipoenda mimi ndio kulikuwa na unyevu mpaka kuta zinatoka jasho, nikafua blauzi moja ikachukua siku nne kukauka, na usiku nilikuwa naiweka chini ya laptopu ya yule mama wa Uganda, tuliyekutana tena kumbe tuko hoteli moja, ghorofa moja, mlango kwa mlango.